Sauti ya Bibi Ndani ya Kishikwambi Kilichogoma

Mimi ni mtu wa pupa, sifichi. Nikiona mahali pa kubonyeza, nabonyeza kwanza, maswali baadaye. Siku ile nyumbani Kiongoroni nilifungua ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla kishikwambi hakijaanza kazi, nikitafuta njia ya kuokoa chaji. Kwetu umeme ni wa sola, na tumelelewa hivi: kitu usichokitumia, zima. Basi nikateremka na ile orodha, nikizima kila jina nisilolijua. Na mengi sikuyajua. Nikahifadhi, nikajiona fundi.

Kishikwambi kikaandika kwamba hakioni pa kuanzia, kikazimika. Nikiwasha tena, hivyo hivyo. Hata kioo hakikusikia kidole, maana nacho nilikuwa nimekizima.

Ndani yake mlikuwa na sauti ya bibi yangu. Nilikuwa nimemrekodi akisimulia alivyolima mpunga bondeni na kuulinda akiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu. Kisha kiharusi kikampata. Tangu hapo tuliambulia kwake ndiyo na hapana, na siku nyingine hata hizo hatukuzipata. Nakala nyingine ya sauti ile sikuwa nayo. Nililia, nikajitukana, nikapanda boti, kisha gari la Kibiti.

Fundi wa kwanza alikigeuza mara mbili tu.

"Dada, hiki tunafuta chote, tunaweka mfumo upya. Sasa hivi tu."

Nikamnyang'anya. Afute chote! Nilitoka nikilia, nikajiegemeza kwenye duka la jirani, la vifaa vya shule. Mwenyewe ni mama wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo Kibiti. Akaniuliza ninalia nini, nikamweleza.

"Ulizima vitu?"

"Nilizima, mama."

"Vyote?"

"Nisivyovijua."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, umezima ghala lenyewe! Mali imo, mlango ndio umefungwa. Hata mimi kompyuta yangu niliifanya hivi hivi."

Akachomoa kibodi ya kompyuta yake, akapekua droo mpaka akapata waya mfupi wa kuiunganisha. Kwa bahati, tundu la waya sikulizima. Tukashikilia kitufe cha sauti na cha kuwashia kwa pamoja. Patupu. Tukarudia, patupu. Mara ya tatu ukurasa ule ukatokea, na mimi nikapiga kelele hadi mteja aliyekuwa akichagua daftari akaruka.

Chini kabisa palikuwa na amri ya kurudisha mipangilio kama ilivyotoka kiwandani. Kidole kikaniganda.

"Hii haitafuta sauti, mama?"

"Hii ni mipangilio ya mashine. Mafaili hayaguswi. Bonyeza, usiende kwingine."

Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Nilihesabu pumzi zangu, nikakosea hesabu, nikaanza upya. Halafu mwanga! Picha ya shamba letu ikajaa kiooni, na faili za bibi zikiwa zimejipanga, hakuna hata moja iliyopungua. Nilimkumbatia yule mama, nikamkumbatia na mteja wa daftari, mtu nisiyemjua kabisa. Furaha ile sijui niiweke wapi hata leo.

Kesho yake nilimwekea bibi kishikwambi karibu na sikio. Sauti yake ya zamani ikaanza kusimulia siku nguruwe alipoingia mpungani, na babu, Mungu amrehemu, akashuka dunguni na mkuki akamuua. Kisa hicho tumekua nacho. Kijiji kizima kilimsifia babu mpaka akazikwa.

Bibi akainua mkono wake ulio mzima.

"Mwongo," akasema.

Lilitoka zito, lakini lilikuwa neno. Nikasimamisha sauti.

"Mwongo nani, bibi?"

Akanyooshea kidole kishikwambi.

"Huyo." Akavuta pumzi. "Babu yako... kabaki juu. Analia." Akanitazama kuhakikisha nimesikia. "Nguruwe nimemuua miye."