Karatasi Yangu Ilisomwa Beni

Mwezi uliopita nilirudi Butembo kwa ndoa ya mudogo wangu. Kwa mulango wa kanisa muzee mumoja alininyooshea mukono, anatabasamu. Ni yeye alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza. Sikumupa mukono wangu, na sijuti.

Nililelewa Vulamba, mule ndani ya Butembo, na koko, mama ya mama yangu. Kila vakansi, masomo yakifungwa, tulipanda mulima mpaka kijiji cha Kipese kulima viazi. Unajua baridi ya kule: ukungu unakulowesha mpaka magoti. Koko alikuwa anatangulia na jembe, anaimba kwa Kinande, luga yetu, na mimi nyuma naokota. Magaribi tulichoma viazi ndani ya majivu, tukakula na chumvi tu.

Kwa masomo, ndani ya darasa, mwalimu wa Kiingereza alitufundisha maneno mawili tuliyokuwa tunachanganya. Unreliable, alisema, ni mutu huwezi kumutegemea: anachelewa, anasahau, lakini moyo wake unaweza kuwa safi. Untrustworthy ni mutu huwezi kumwamini hata akifika wa kwanza, kwa sababu anakudanganya kwa kusudi.

Mwaka ule kulikuwa concours, mashindano ya Kiingereza, kule Beni. Niliandika juu ya koko na shamba lake, nikatia nyimbo zake zote, neno kwa neno. Mwalimu akachukua karatasi.

"Samedi, siku ya concours, asubui ungojee kwa mulango wa masomo. Tutaenda pamoja."

Koko alinipigia uniforme pasi ya makaa, akanisindikiza. Tulisimama mpaka saa sita, mvua ikatunyeshea. Hakuja.

"Nilisahau, mutoto yangu," aliniambia lundi, tuliporudi darasani. "Unreliable, unaona?"

Darasa likacheka. Hata mimi nilicheka, nikamusamehe.

Nyuma ya juma mbili, jirani aliyepeleka mutoto yake kwa concours alitupitia. Alituambia mutoto ya dada ya mwalimu alisoma pale habari ya koko mumoja wa Kipese, na watu wakamupigia makofi.

Koko, asiyejua kusoma, alienda kusimama mbele ya darasa letu.

"Mama, ni mambo ya batoto," mwalimu alisema.

"Mutu wa kusahau tunamukumbusha. Weye tukukumbushe nini? Rudisha karatasi ya mutoto."

"Ilibakia Beni."

Alisema vile anatazama dirisha.

Koko alishakufa. Kule Kipese watu walikimbia vita, shamba limekuwa majani. Nimejaribu kukusanya zile nyimbo. Sauti yake naisikia bado. Maneno yalikuwa kwa ile karatasi.