Maua ya Friji

Kwetu Sib, pembeni mwa Maskati, kila ikifika Oktoba, droo ya chini ya friji ilikuwa haiguswi. Baba alikuwa keshaitangaza kuwa yake. Ndani alikuwa akiweka mfuko wa karatasi wenye vitunguu, lakini si vya kupikia, ni vitunguu vya maua, hayasinti, alivyoviagiza kutoka nchi za baridi. Vitunguu hivyo havichanui mpaka vipitiwe na majira ya baridi, na baridi ya Maskati ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua kabla ya adhuhuri. Basi baba alikuwa akividanganya kwa friji. Vinalala humo miezi mitatu, halafu anavitoa, anavikalisha kimoja kimoja kwenye mdomo wa chupa ya kioo yenye maji, na mizizi inateremka kuyafuata maji. Sisi watoto tuliyaita maua ya friji.

Vita vya nyumbani vilikuwa juu ya matunda. Baba alisema tunda linaloiva linatoa pumzi, na pumzi hiyo inaliua ua likiwa bado tumboni mwa kitunguu. Kwa hiyo tangu Oktoba mpaka Januari, tufaha halilali kwenye friji yetu, wala ndizi, wala embe. Mama alikuwa akisimama katikati ya jiko na kulalamika, "Friji yangu mwenyewe, nnaomba ruhusa ya kuweka ndizi! Mwanamke gani duniani anaomba ruhusa ya ndizi?" Kisha Januari, watu wamejifunika mablanketi, baba anawasha AC kwenye chumba kidogo ili maua yasione joto. Mama anapita mlangoni, anamtazama, anatikisa kichwa, anakwenda zake.

Lakini alikuwa akiyapenda, na sababu tuliijua. Ujanani baba alisomea uhandisi huko kwenye baridi, akapanga chumba kwa bibi mmoja aliyekuwa akiotesha maua hayo dirishani huku nje theluji imejaa. Alisema bila ya maua yale angefunga sanduku na kurudi. Alipokuja kumwoa mama na kumleta huku kutoka Unguja, mama hakuwa na mtu, Kiarabu kinampiga chenga, na kila siku kilio. Majira ya baridi ya kwanza, baba akamwekea kando ya kitanda chupa yenye ua la buluu, nyumba nzima ikinukia. Mama alikuwa akituambia, "Siku ile ndo nilifungua masanduku yangu." Tangu hapo hakuna mwaka uliopita bila ya maua.

Mwaka baba alipofariki ilikuwa Novemba. Vitunguu alikuwa ameshaviweka.

Mimi nilihama kwangu Al Khoudh na wanangu nikarudi Sib kukaa na mama katika eda yake. Na shangazi naye akaja, dada mkubwa wa baba, akashika nyumba. Mwanamke aliyefiwa na mume anakaa miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hajitii manukato, na shangazi alihakikisha mambo yanakwenda sawasawa na zaidi ya sawasawa. Alifungia chetezo kabatini. Alikusanya udi, haludi, mafuta ya nywele, hata sabuni ya kufulia aliinusa kwanza. Nyumba yetu, ambayo mgeni hakuwa akitoka mpaka afukizwe na mtandio wake unukie siku mbili, ikawa hainukii kitu. Ukiingia unasikia harufu ya rangi ya ukuta. Mimi roho ilikuwa ikiniuma, lakini nilinyamaza, na mimi kunyamaza si kazi yangu.

Siku moja nilikuwa natafuta kotmiri, nikavuta droo ya chini. Mfuko ule pale, umekunjwa mdomo kama alivyokuwa akiukunja yeye, mara mbili, na kibanio cha nguo. Nililia nimekaa chini sakafuni na mlango wa friji wazi, mpaka friji yenyewe ikaanza kupiga kelele.

Nilipomwambia mama, akasema, "Vipo? Basi nnataka nivione vikichanua. Ndo vya mwisho alivyoviweka kwa mkono wake." Nikamuahidi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nitaviacha kwenye friji mpaka atoke eda, nivitoe, achanue navyo, na shangazi asiwe na la kusema. Nikajiona mjanja.

Vitunguu havikunijua mimi wala ujanja wangu. Januari haijesha, nikafungua mfuko nikakuta vimetoa pua za kijani na mizizi myeupe imeanza kujisokota. Nilimsikia baba akilisema hili mara nyingi: kitunguu kikishaamka, ukikilazimisha kulala, ua linafungukia chini kwenye shingo, fupi, limebanwa na majani, halifai hata kutazamwa. Na vingine vinaoza. Hakukuwa na vingine vya kuagiza ambavyo mkono wake umevigusa. Nikaosha chupa zake za kioo, nikavikalisha, nikavificha kwenye chumba kidogo, nikawasha AC. Vilipopata vichipukizi vya kutosha nikavihamishia kwenye dirisha la chumba cha mama, vichwa vimefumba bado, na wala sikumwambia mtu.

Shangazi aliviona siku hiyo hiyo. Yeye hapitwi na kitu.

"Nini hivi?"

"Maua ya baba, shangazi."

"Yananukia?"

"Bado hayajafunguka."

"Yakifunguka?"

Nikatazama ukuta.

"Manukato ni manukato, yawe chupani, yawe kwenye jani. Yatoe."

"Shangazi, kujitia manukato na kuwa na ua chumbani ni mambo mawili. Kawaulize wenye elimu, watakwambia."

"Nkamuulize nani? Mimi nimezika mume na nimekaa eda wewe hujazaliwa. We mtoto usinifundishe."

Mimi nina watoto watatu na mvi, bado naitwa we mtoto. Hasira ikanipanda. Nikamwambia, na sauti nilishaipandisha, "Wewe tangu zamani maua haya huyapendi! Ulikuwa ukimwambia baba yanakuumiza kichwa. Sasa umepata sababu!"

Hakurudi nyuma. "Yalikuwa yakiniumiza kichwa, na yeye alikuwa ndugu yangu. Yote mawili kweli. Yatoe."

Tulikuwa ukumbini, na tulidhani tunanong'ona. Sauti ya mama ikatoka chumbani, "Mmeshamaliza? Maana anayekaa eda ni mimi, na mimi hapana aliyeniuliza."

Tukaingia, kila mmoja na uso wake. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, nguo nyeupe isiyo na ua hata moja, tasbihi mapajani. Alivitazama vile vichwa vya kijani dirishani kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilipokubali kukaa, nimekubali kukaa kwelikweli. Sitaki kuyanusa. Nnataka kuyaona tu. Yawekeni nje ya dirisha, na kioo kifungwe."

"Mama," nikasema, "kuyaona bila ya kuyanusa, raha gani hiyo?"

"Raha nani kakwambia nnaitafuta?"

Shangazi akasema, "Haya," akazichukua chupa mbili yeye mwenyewe.

Tukayapanga kwenye meza ndogo hoshini, kule uani, chini ya dirisha la mama, upande wa kivuli. Mimi moyo ulikuwa juu juu. Februari ya Maskati kwetu ni baridi, kwa maua hayo ni tanuri, na yakishafunguka nje huko hayamalizi wiki. Adhuhuri, kabla jua halijazunguka, mtu lazima ayaingize kwenye chumba chenye AC, na alasiri ayatoe tena. Siku za kazi nilikuwa nikiwaza maua ofisini mpaka nakosea barua. Siku ya tatu nilirudi mbio, nikakuta shuka imetundikwa juu ya meza, imefungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha, na sufuria ya barafu imewekwa katikati ya chupa. Nikauliza nani kafanya. Shangazi alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Jua halina adabu," akasema.

Yakaanza kufunguka siku ya Ijumaa. Alasiri mama alikuwa dirishani, kioo kimefungwa, mimi nimekaa ubavuni pake. Shangazi alikuwa nje kwenye kiti cha plastiki, anayalinda na paka wa jirani. Kioo kizito, sauti haipiti, basi mama akampigia simu. Watu wawili, umbali wa mkono mmoja baina yao, wanapigiana simu! Ningecheka siku nyingine. Mama akaweka spika.

"Wifi, yamefunguka mangapi?"

"Matatu. Mawili ya buluu, na hili jeupe."

"Yananukia?"

"Yananukia."

"Vipi? Hebu niambie."

Shangazi akainama. Tulimwona ameshika ukingo wa meza, uso wake ndani ya ua la buluu. Alikaa hivyo, simu kimya, mpaka nikadhani imekatika. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Tangu siku ya maziko sikuwa nimemwona akilia, alikuwa akishughulika. Alipoinuka aliusogeza uso wake mpaka karibu na kioo, mtandio umemteleza, na akasema, "Fungua dirisha."

"Wifi!"

"Fungua, nnakwambia. Nusa mara moja tu. Dhambi n'tabeba mimi. N'kiulizwa n'tasema mimi ndiye niliyekulazimisha."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Mama akanishika kiganja, si kwa nguvu, lakini alinishika.

"Hapana, wifi yangu," akasema. "Sina tena la kumfanyia mume wangu ila hili. Kumpikia simpikii, kanzu zake simpigii pasi. Niacheni nimkalie mpaka mwisho. Wewe ni damu yake. Nusa kwa ajili yangu, kisha unambie."

Mimi niliyekuwa nikimpigania wiki zote zile nilikaa pale na mkono wangu ndani ya wake, machozi yananichuruzika.

Shangazi akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. Akainama tena.

"Yananukia utamu," akasema. "Kama asali, lakini asali ya baridi. Na majani mabichi, yaliyokatwa sasa hivi." Akavuta pumzi. "Na huko ndani kabisa mna karafuu. Karafuu mbichi, haijaanikwa."

Mama alifumba macho. Simu sikioni ingawa spika ilikuwa wazi, kiganja cha pili amekibandika kwenye kioo.

"Endelea," akasema.

Na shangazi yangu, ambaye maneno yake yote tangu msiba yalikuwa ya kukataza, akaendelea, ua baada ya ua, mpaka ikaadhiniwa magharibi.