Skrini Iliyoombewa Kabla ya Kuwashwa

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024. Mvua ilianza katika mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, kabla ya saa sita mchana, ikanyesha bila upepo, na barabara kuu ikawa matope matupu.

Siku hiyo Cassilde Nimbona alitoka kambi ya Lusenda kwa pikipiki kwenda kununua skrini ya kompyuta, ile ambayo wauzaji wa Baraka huiita ekra. Alikuwa mwandishi wa kikundi cha wanawake wakulima, wakimbizi wa Burundi kama yeye. Kila shamba waliloazimwa na wenyeji, kila kilo ya mbegu iliyogawiwa, yeye ndiye aliyeiandika. Hakuna aliyewahi kukuta kosa katika daftari lake, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyopenda kukiri.

Muuzaji aliitwa Vainqueur, yaani Mshindi kwa Kifaransa. Duka halikuwa lake, lilikuwa la tajiri mmoja wa Uvira. Chake yeye kilikuwa jina tu. Baraka nzima ilijua kwamba kwa Vainqueur kitu cha umeme hakitoki dukani kabla hakijawashwa mbele ya mnunuzi. Alikuwa ameshashika kisu akate utepe wa katoni, Cassilde akaweka mkono juu ya katoni hiyo.

"Acha, kaka. Usifungue."

"Mama, mi siuzishake ekra bila kuiwasha. Kesho utarudia hapa na kulia."

"Hii itaombewa kwanza, siku ya yenga. Sisi kitu kipya hatukiwashake mbele ya maombi."

"Mungu mwenyewe anapenda aone kama inawaka!"

Watu waliojikinga mvua barazani wakacheka. Cassilde hakucheka. Ndivyo kikundi chao kilivyofanya tangu mwanzo: mzani, pampu ya kupulizia dawa, hata majembe, vyote vilipelekwa kanisani Jumapili vikiwa bado katika karatasi zake, mchungaji akaviombea, na kesho yake ndipo mwandishi akavifungua mbele ya wote. Kufungua katoni dukani, mbele ya watu wa barabarani, kulikuwa sawa na kula chakula kabla ya kukishukuru.

"Basi andika," Vainqueur alisema. "Andika we mwenyewe, nisiitwe mwizi."

Akampa kitabu cha risiti, kile chenye karatasi nyeupe ya mnunuzi na ya manjano inayobaki dukani. Chini ya bei Cassilde akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Nimekataa iwashwe. Nimeichukua ikiwa imefungwa.* Akatia sahihi. Dereva wa pikipiki alikuwa anapiga honi, na Vainqueur, kwa haraka, akachana karatasi zote mbili pamoja.

Cassilde aligundua hilo Jumamosi, alipokuwa anapanga karatasi zake. Akaibana ile ya manjano nyuma ya nyeupe, akasema moyoni atairudisha akienda tena Baraka.

Jumapili katoni iliombewa. Jumatatu wanawake walijaa katika chumba cha kikundi, utepe ukakatwa, waya ukaunganishwa na umeme wa sola. Nusu ya juu ya skrini iling'aa vizuri. Nusu ya chini ilibaki nyeusi kama sufuria. Waliokuwa wamefungua midomo wapige vigelegele wakaifunga.

Espérance, mwenyekiti wao, alikuwa wa kwanza kusema. "Redio ilisema mununuzi iko na haki. Cassilde, rudi kule. Basituchezee juu tuko bakimbizi."

Jumatano Cassilde alirudi Baraka, akaenda kwanza kwa Fabien, afisa anayesikiliza malalamiko ya wanunuzi. Fabien alimsikiliza, akaandika maneno yake, akamweleza bila haraka: "Kasoro yenye kujificha, muuzaji anaijibu, hata kama aliandika ku mulango kwamba kitu hakirudi. Lakini kama alitaka kuiwasha na we ukakatala, hiyo ni juu yako. Twende dukani, tumusikie na yeye."

Njiani Cassilde alikumbatia mkoba wake. Karatasi zote mbili zilikuwa ndani.

Walipofika, wauzaji wa jirani walisogea. Fabien akauliza, "Mama, aliiwasha mbele yako?"

"Hapana," alisema Cassilde. "Hakuiwasha."

Neno lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilitoka kwa urahisi.

"Mama, sema yote," Vainqueur alisema. "Si uliandika na mukono yako?" Akafungua kitabu, akapekua. Namba thelathini na saba ilikuwepo. Thelathini na tisa ilikuwepo. Akapekua tena, akitia mate kidoleni. "Ilikuwa hapa. Chef, naapa, ilikuwa hapa," alimwambia Fabien.

"Bwana wa kuwasha-washa!" akapaza sauti Junior, muuzaji wa simu wa mlango wa pili. "Kumbe ni mudomo tu! Leo Vainqueur ameshindwa!"

Cassilde alitazama chini. Alingoja Fabien amgeukie amuulize: *Mama, wewe je, huna karatasi?* Angeuliza, angemjibu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini Fabien aliona kitambaa safi cha kichwani, daftari lililofunikwa kwa nailoni, mama wa kanisa. Hakuuliza.

"Mubadilishie," Fabien alisema.

Vainqueur alileta nyingine, akaiwasha, akaigeuza kuelekea kwa Cassilde. "Tazama, mama. Tazama kila kona." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Cassilde kuliko matusi.

Lusenda walimpokea kwa vigelegele. Safari hii hakuna aliyetaja maombi. Espérance alimshika mabega akasema, "Mwandishi wetu haogopi mutu!" Cassilde akaanza kusema, "Mama Espérance, ile ekra ya kwanza..." lakini wengine walikuwa wameshaanza kuimba.

Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki ya kwanza. Duka lilikuwa bado limefungwa. Junior na wenzake walikuwa wanapanga bidhaa zao. Akawaambia, akiwa amesimama katika matope, kwamba Vainqueur alitaka kuiwasha, na kwamba yeye ndiye aliyekataa.

Junior aliacha kupanga simu zake. "Mama," akasema, "hiyo ungeisema jana."

Vainqueur akaja na funguo. Alimsalimia Cassilde kama anavyosalimia mnunuzi yeyote, akafungua, akaingia ndani. Cassilde alingoja kidogo kizingitini. Aliposikia ameanza kufagia, akaondoka, akaenda ofisini kwa Fabien, akakaa nyuma ya watu wanne waliotangulia, na zamu yake ilipofika akatoa karatasi zote mbili, akaomba maneno yake yaandikwe upya.