Gari Lililozimika Mlangoni kwa Bi Mwanahawa

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe kule Likawage, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimeshika usukani wa pikapu kuukuu mbele ya mlango wa Bi Mwanahawa, na jumbe wa kijiji ananiambia kwamba Ijumaa bibi yule atapelekwa kunyolewa. Wewe mambo ya kunyolewa hukuyakuta. Enzi hizo za Mwingereza, huku kwetu kusini, mtu akishukiwa uchawi alipelekwa kwa mganga, akanyolewa nywele zote na kunyweshwa dawa. Akirudi na kipara chake, hata moto jirani hamwombi tena.

Na kosa lake nini? Gari langu. Lilikuwa la tajiri mmoja wa Kilwa Kivinje aliyenunua nta na ufuta huku bara, nami nilililaza kwenye uwanja uliotazamana na nyumba ya bibi huyo. Kila asubuhi ya baridi liliwaka vizuri, lakini nikiondoa tu mguu kwenye mafuta, linakohoa, linazima. Halikuwa na sailensa, yaani ule mngurumo mdogo wa gari lililosimama. Nivute choki, ile ya kuliongezea petroli likiwa la baridi, nisivute, ni yale yale. Likishapata moto, siku nzima halina neno. Watu wakaunganisha wenyewe: linazimika kwa Bi Mwanahawa, likitoka kwake linapona.

Alikuwa mjane, anapika masega ya nyuki na kuchuja nta, na hakuna asubuhi niliyoondoka pale bila uji wake. Siku ile alinipa kikombe kama kawaida, akasema, "Mwanangu, nywele zitaota. Lakini nani ataniita tena kuosha maiti?" Kazi hiyo ya kuwaosha wanawake wenzake ndiyo iliyokuwa heshima yake pale kijijini.

Nikashuka Kivinje kwa Fundi Hemedi, mzee mfupi, mkali, mwenye mizaha yake. Nikamwamkia shikamoo, na hajamaliza marahaba nimeshammwagia maneno: skrubu nimekaza, nimelegeza, plagi nimebadili, na bibi wa watu ananyolewa keshokutwa.

"Umenieleza ulichofanya wewe," akasema. "Gari linafanya nini, hujasema bado. Unakimbilia kufungua kitu hujakijulia hali."

Nikanywea. Akaanza kuuliza polepole. Linazima likiwa la baridi au la moto? La baridi. Ukikanyaga mafuta? Linakwenda. "Basi njia kubwa ya petroli ni nzima," akasema. "Ile ndogo, ya sailensa, ina kitu. Na kitu hicho kinaogopa moto." Nilimsihi afungue saa ile ile, akakataa kabisa. Alitaka gari lilale kwake, lipoe.

Alfajiri akaniambia niwashe. Likawaka. Nikaondoa mguu, likakohoa, likazima, pale pale mlangoni kwake. Fundi akavua kofia, akapapasa kichwa chake kisicho na unywele hata mmoja.

"Haya," akasema, "na mimi nipelekeni nikanyolewe."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, maana tangu jambo lile lianze sikuwa nimecheka.

Kisha akafungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, ingali ya baridi. Ndani ya tundu dogo la sailensa mlikuwa na kitu cha manjano. Akakisugua kwa vidole, akakinusa, akaniwekea kiganjani. Nta. Akaniuliza petroli nachujia nini.

Siku hizo petroli ilitoka kwenye mapipa yenye kutu, na kila dereva alichuja kwa kitambaa. Changu nilikiomba kwa Bi Mwanahawa, kile cha kuchujia nta, kimefuliwa vizuri ila bado kinanukia asali. Petroli iliyeyusha nta iliyobaki kwenye nyuzi. Usiku ikikauka, nta inabaki tunduni na kuganda. Gari likipata moto, nta inalainika, njia inafunguka.

Kumbe kitu kimetoka nyumbani kwake kweli. Nikisema hivyo Likawage, nimemmaliza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Fundi aliniona nilivyobadilika. "Kitambaa nani alikiomba?"

"Mimi."

"Na petroli nani alichuja?"

"Mimi."

"Basi ukifika, anzia hapo."

Tukasafisha tundu, tukamwaga petroli yote ya tangini, akanipa kipande kipya cha kitambaa cha marekani. Ijumaa asubuhi, baridi kali, kijiji kizima kikakusanyika uwanjani. Sikugusa gari. Nilishika kile kitambaa nikasema, "Hiki nilikiomba mimi, na mimi ndiye niliyechujia petroli kitu cha nta." Nikakichovya kwenye petroli, nikakikamulia sahanini. Petroli ikakauka, ukabaki utando wa manjano. Wakaupapasa mmoja mmoja. Watu wale nta wanaijua kuliko mimi, sikuwa na haja ya kuwaeleza zaidi.

Halafu nikamwomba Bi Mwanahawa apande mbele. Nikawasha, nikaondoa mguu, nikashuka kabisa. Gari likanguruma lenyewe, taratibu, bibi ameketi ndani, mikono mapajani. Mwishowe jumbe akasafisha koo. "Zima basi," akasema, "unamaliza petroli ya watu."

Bi Mwanahawa hakunyolewa. Baadaye nilioa pale pale Likawage, nikamleta mama yangu pia, tukakaa naye. Mama alipofariki, Bi Mwanahawa ndiye aliyemwosha.

Basi, mwanangu, jambo likiharibika, lijulie hali kwanza: linaharibika lini, linapona lini. Usimtaje mtu kabla hujafungua ukaona kwa macho yako. Na ukikuta kweli inayoweza kumwangukia asiye na kosa, anza kuisema kutokea kwako wewe. Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi wenye haki, na kila mlango utakaosimama mbele yake, uondoke ukiwaacha wa ndani salama.