Karatasi Aliyoipeleka Mwanarusi

Kwa miaka kumi na saba Mwanarusi alikaa kwenye meza moja mjini Voi, katika ofisi ndogo ya bima ya mabaharia wa meli za mizigo. Wanaume wa vijiji vya Bura na Mata waliofanya kazi melini walimjua yeye kuliko walivyowajua wakubwa wa Mombasa. Aliyeumia au kuugua alimletea barua ya nahodha na vyeti vya daktari, naye akampigania hadi atibiwe na alipwe siku zake za ugonjwa. Hata wake zao walikuwa na namba yake ya simu.

Zubair, fundi wa injini na jirani yake tangu utotoni, alirudi nyumbani miguu imevimba. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Daktari alitaka asafishwe damu mara mbili kwa wiki, lakini kadi yake ya bima ilikuwa imefungwa. Wenye meli walidai mkataba wake uliisha kabla hajaugua.

"Uongo," Zubair alimwambia Mwanarusi. "Nilianza kuvimba tungali baharini. Nahodha akanipa vidonge vya maumivu, akaniambia nivumilie."

Mwanarusi aliwaandikia wakubwa wa Mombasa barua nne. Jibu likaja: karatasi moja ya Kiingereza, Zubair aitie sahihi. Mwanarusi aliisoma, akakuta mstari unaosema ugonjwa haukuanzia kazini. Akampigia simu mkubwa wake, Geoffrey.

"Hayo ni maneno ya mawakili tu," Geoffrey alisema. "Akitia sahihi leo, kesho kadi inafunguliwa. Ama unataka mtu afe ukibishana?"

Akaipeleka mwenyewe. Firdaus, mke wa Zubair, aliuliza, "Dada, imeandikwa nini?"

"Ni ya kufungua kadi."

Ule mstari hakuwasomea. Zubair akatia sahihi.

Kadi ilifunguka kweli. Zubair alisafishwa damu wiki sita. Wiki ya saba kadi ikafungwa tena, hospitali ikamrudisha nyumbani. Geoffrey alieleza kwamba ule ulikuwa msaada wa hiari. Baharia mwenyewe alishakiri ugonjwa si wa kazini, hivyo hana dai. Mwanarusi alimfokea kwenye simu mpaka watu wa duka la pili wakaja kuchungulia. Baada ya siku kumi na moja Zubair akafariki.

Msibani Firdaus alimpisha Mwanarusi kwenye mkeka, kisha akamwuliza mbele ya wanawake wote, "Ulijua?"

"Nilijua."

Wiki hiyo hiyo Mwanarusi aliandika yote yaliyotokea, hata uongo wake, akampa wakili wa Firdaus. Ofisi ikamfuta kazi. Kesi ya fidia aliyofungua Firdaus imeahirishwa mara tatu sasa. Kila ikitajwa wanawake hao wawili hushuka Mombasa, kila mmoja kivyake. Firdaus anauhitaji ushahidi wa Mwanarusi, na mahakamani humsogezea nafasi kwenye benchi. Salamu yake haitikii.