Hitima Iliyongoja Deni

Walisema mtoto wa mlevi hafiki mbali, na akifika, atafika akiyumba. Walisema sitamaliza shule. Nilipomaliza wakasema sitavuka mpaka. Nilipovuka nikaenda kusoma Uganda, wakasema nitarudi mikono mitupu na suruali ya kuazima. Nilirudi na diploma. Upande wetu wa Kisarawe wakati ule hakuwepo mwingine aliyekuwa nayo, na sioni haya kulisema hilo, kwa kuwa wao hawakuona haya kusema yao.

Aliyenidharau kuliko wote alikuwa mgema aliyemwuzia baba tembo, naye alinidharau siku ya maziko ya baba.

Kwetu jeneza halinyanyuliwi mpaka ndugu mmoja wa marehemu asimame na kutangaza kwamba kila amdaiye marehemu amwendee yeye. Kazi hiyo ilikuwa ya mpwa wa baba. Kwa mila ya Wazaramo yeye ndiye aliyekuwa mrithi, na minazi ya baba aliichukua yote baadaye bila kusitasita. Siku ile alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Watu wakangoja. Mama alikuwa ndani, na kilio chake kikanyamaza, nikajua naye anangoja. Basi nikasimama mimi, mwanafunzi, nikasema, "Yeyote anayemdai baba, na anidai mimi."

Mgema akacheka. Alikuwa ameketi mbele, mahali pa watu wa karibu, na kweli alikuwa karibu na baba kuliko sisi.

"Tembo alilokunywa baba yako halilipiki, kijana," akasema. "Siku utakayolilipa, nitapanda mnazi kichwa chini."

Wako waliocheka pamoja naye, maiti iko mbele yao.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwambia mama kwamba deni la tembo si deni, kwa kuwa kilichouzwa ni haramu. Mama alimsikiliza kwa adabu. Alipoondoka, akanigeukia. "Ulisema yeyote," akaniambia. Aliamini kwamba roho ya mwenye deni hutundikwa, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na akaapa kwamba hitima ya mumewe haitasomwa mpaka mdai wa mwisho awe amelipwa. Arobaini ikapita bila kisomo. Majirani walilisema hilo pia.

Wasiomjua baba hudhani alikuwa mtu mbaya. Mimi na mdogo wangu wa kike tulikuwa na baba wawili. Wa asubuhi alitusukia panzi wa makuti mabichi, wenye miguu na pembe, akatufundisha kuwarusha. Wa jioni tulimjua kwa kikohozi chake njiani, na kabla hajafika mlangoni mama alikuwa amekwisha kufukia chungu cha chakula chini ya kinu, maana baba aliweza kubeba hata wali uliokwisha kupikwa akaubadilisha kwa tembo. Tulifundishwa kusema baba ana homa. Mdogo wangu aliwaambia hivyo waliokuja kudai, aliwaambia hivyo chuoni, na wanawake kisimani wakapata la kuchekea. "Homa ya baba yenu imeshuka leo?" walimwuliza, naye alijibu kwa heshima kwamba imeshuka kidogo.

Baada ya eda tulihamia Kongowe ya Kibaha, kwa mjomba. Watu wa huko walikuwa wamekwisha kusikia habari zetu. Mmoja alipita akauliza kama hawa ndio watoto wa yule mlevi wa Kisarawe. Mjomba hakuacha kuchonga mpini wake. "Hapa hakuna mtoto wa mlevi," akamjibu. "Hapa kuna watoto wa dada yangu." Sikupata kusikia neno hilo tena uani mwake.

Siku moja akakuta ugali mkavu chini ya mkeka wa mdogo wangu. Mtoto alikuwa bado anaficha chakula. Nilingoja apigwe. Mjomba alimletea kikapu chenye kifuniko, akakitundika juu ya kitanda cha mtoto. "Weka humu," akamwambia, "panya wasikile." Mdogo wangu aliendelea kuweka mpaka siku moja akasahau mwenyewe.

Mjomba huyo huyo alinishauri niachane na deni. Alisema aliyechukua minazi achukue na madeni yake, na kwa mila alisema kweli. Nilikataa. Neno langu nilikuwa nimelisema mbele ya jeneza, na walionicheka walikuwa hai bado.

Nilipoanza kulipwa mshahara wa ualimu, kila likizo nilipanda lori kwenda Kisarawe na kumlipa mtu. Mwenye duka alipokea bila kunitazama. Mwenye mbuzi aliinua noti kwenye jua aone kama ni halali. Nilivaa koti kila safari, hata wakati wa joto. Nilitaka waone.

Mgema nilimweka wa mwisho. Siku hiyo nilikwenda na mama na mdogo wangu, na mchele tukaubeba. Nilihakikisha watu wamekusanyika. Alikuwa ameketi kwenye kibao mlangoni pake, miguu imevimba, kazi ya kupanda alikwisha kuiacha. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwekea fedha mapajani.

"Tembo la baba," nikasema. "Na mnazi ule pale, mzee."

Aliutazama mnazi, akanitazama mimi na koti langu.

"Baba yako angecheka sana," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu alisema kweli. Baba alicheka hapo, kwenye kibao hicho, miaka yote, na nyumbani alileta kikohozi. Kicheko hicho sikujua nimdai nani.

"Ndiye wa mwisho?" mama akauliza.

"Ndiye wa mwisho."

Mama akavua viatu, akaagiza mchele uoshwe. Hitima ilisomwa alasiri ile kwenye uwanja wa nyumba yetu ya zamani, na wote niliowalipa walikuja kula. Mgema hakuweza kutembea. Mama akapakua sahani, akampa mdogo wangu aipeleke, na sahani ikarudi imefutwa hadi punje ya mwisho.