Koti la Alaska

Jamani, mie nilijitakia mwenyewe. Mshenga wangu alipopeleka posa kwa akina Mwanaidi kule Temeke, alitia chumvi kwamba nimewahi kuishi Alaska, Marekani. Badala ya kukanusha, nikanunua koti zito la mtumba lililoandikwa ALASKA, nikalivaa siku baba yake aliponiita anione.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Enhe, huko Alaska kukoje?"

Fundi seremala wa Keko ningejuaje? Huku jasho likinitiririka, nikajibu, "Kama hapa tu, mzee. Joto na minazi."

Akanitazama kwa utulivu. "Nilikuwa baharia mie. Alaska nimefika mara mbili. Ndilo jimbo kubwa kuliko yote Marekani, na hata mnazi mmoja sikuuona. Ni barafu, mpaka ndevu zinaganda."

Nikavua koti, nikainamisha kichwa. "Nisamehe, mzee. Mie wa Keko tu, sijawahi hata kuvuka Chalinze."

Mzee akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi! Wiki nzima sina raha, najua utampeleka mwanangu kwenye barafu. Kumbe Keko! Keko nafika kwa miguu."